Goma: kwa nini chumba cha bei ndogo hakimfikii mwenye kipato kidogo

Mtu akiuliza bei ya nyumba mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujibiwa kwa hesabu ya mwezi: chumba na sebule cha mbao upande wa Ndosho ni makumi machache ya dola, nyumba ya mawe yenye ua kule Himbi ni mamia. Jibu hilo ni la kweli, lakini linaacha nje sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Familia ya muuza mboga, ya msukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), ya mfua nguo au ya mwalimu anayelipwa kwa kuchelewa ingeweza mara nyingi kuimudu kodi ya mwezi kama ingeruhusiwa kuilipa kidogo kidogo. Inachoshindwa ni fedha za mkupuo zinazodaiwa kabla ya ufunguo kutolewa, na baadaye fedha nyingine za mkupuo zinazodaiwa pale inapojaribu kuacha kupanga na kujenga kwake. Nyumba za Goma huuzwa na kupangishwa kwa mafungu makubwa, ilhali wakazi wake wengi hupata kipato chao kwa vipande vya siku moja moja. Ugumu wa makazi ya maskini katika mji huu umekaa hasa katika pengo hilo.

Watu wengi hapa hawana mwajiri. Wanaishi kwa biashara ndogo za Birere, Virunga na Kituku, kwa kubeba mizigo, kwa kuendesha pikipiki za wengine, kwa kuvunja na kuchonga mawe. Fedha huingia jioni, na kabla ya usiku kuwa mzito sehemu kubwa imekwisha kugawanyika kati ya unga, mkaa, bidoni (madumu) za maji na mtaji wa kesho. Hata yule mwenye kazi inayotambuliwa na sheria hayuko mbali na hali hiyo. Kuanzia 2018 hadi kilipopandishwa mwaka 2025, kima cha chini cha mshahara nchini Kongo kilikuwa faranga 7,075 kwa siku. Ukizidisha kwa siku 26 za kazi unapata faranga 183,950, na kwa kiwango cha mwishoni mwa 2024, wakati dola moja ilipokuwa imefika kama faranga 2,800, hizo ni dola 65 hivi kwa mwezi mzima. Mtu wa namna hiyo anahesabiwa mtaani kuwa mwenye bahati.

Tuchukue mfano wa chumba na sebule kinachopangishwa kwa dola 30. Mwenye nyumba anadai garanti, ile amana anayoshikilia hadi mpangaji ahame, ya miezi sita, yaani dola 180, na kodi ya mwezi wa kwanza mkononi, dola 30. Komisioneri, yaani dalali aliyeionyesha nyumba, naye anataka fungu lake, na tuseme ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Jumla ni dola 240 kwa nyumba ambayo bei yake iliyotajwa ni 30. Mama anayeweza kuweka kando dola moja kila siku, bila mtoto kuugua na bila mvua kuharibu bidhaa zake, atahitaji miezi minane kuifikisha. Katika miezi hiyo minane lazima awe analala mahali, na huko pia analipa. Ndiyo sababu familia nyingi hukaa kwa ndugu, au hugawana nyumba moja ya vyumba viwili kati ya kaya mbili, si kwa sababu hawana dola 30 za mwezi, ila kwa sababu hawajawahi kuziona dola 240 zikiwa pamoja.

Sheria ilijaribu kulishughulikia jambo hili. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba usio wa kibiashara, inaweka ukomo: kwa nyumba ya kuishi, garanti haipaswi kupita kodi ya miezi mitatu. Katika mfano wetu, mama yule angeingia kwa dola 150 badala ya 240. Tofauti hiyo ni miezi mitatu ya akiba yake. Kwenye karatasi, basi, swali limejibiwa. Mitaani, garanti ya miezi sita, na wakati mwingine zaidi, bado hutajwa waziwazi, wala anayeitaja hashushi sauti.

Ni rahisi kusema kwamba wenye nyumba ni wachoyo na kwamba serikali haifuatilii. Yote mawili yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Mwenye nyumba wa Katoyi au wa Mabanga mara nyingi ni mjane, au mtumishi wa zamani wa serikali, au familia iliyorithi kiwanja kimoja ikasimamisha nyumba ndogo mbili nyuma ya ile inayokaa. Kodi ndiyo mshahara wake. Akitaka kuongeza chumba, kubadilisha paa lililooza au kujenga choo, hana benki ya kwenda: mkopo, ukipatikana, ni wa muda mfupi na riba yake ni nzito, na dhamana inayotakiwa ni hati ya ardhi ambayo huenda hana. Fedha pekee za mkupuo zinazoingia mikononi mwake ni garanti ya mpangaji mpya. Kwa hiyo garanti haiwekwi mahali ikisubiri siku ya kurudishwa. Inageuka saruji, mbao, karo ya shule au matibabu ndani ya wiki. Kwa maneno mengine, mpangaji maskini anamkopesha mwenye nyumba mtaji wa kujengea, bila riba, bila tarehe ya kurudishiwa, na mara nyingi bila karatasi.

Mtu akikielewa kisa hiki, mengi yanayoonekana kama ukorofi wa mtu mmoja mmoja hupata maelezo. Mpangaji akihama na kuomba garanti yake, huambiwa asubiri mpangaji mwingine aje. Maana yake ni kwamba garanti ya anayeingia ndiyo itakayomlipa anayetoka, na kama nyumba itakaa wazi miezi miwili, anayetoka hana cha kulipia kule anakokwenda. Mpangaji akikwama kulipa kodi, huambiwa ale garanti yake ndani ya nyumba: miezi inayofuata inakatwa humo hadi garanti iishe, kisha anatakiwa kuondoka. Hapo anatoka mikono mitupu, na kwa kuwa mlango wa nyumba nyingine yoyote unafunguliwa kwa garanti mpya, anateremka ngazi moja: chumba kidogo zaidi, mbali zaidi, au kurudi kwa ndugu. Kwa maoni yangu hapa ndipo fundo lilipo. Sheria inayoweka ukomo wa miezi mitatu bila kumwonyesha mwenye nyumba mdogo mahali pengine pa kupata mtaji inamtaka aache njia pekee aliyo nayo, naye anajibu kwa kuivunja kimyakimya huku mpangaji akimsaidia kuivunja, maana anayebishana anakosa nyumba.

Mpangaji aliyedhulumiwa anaweza kwenda ofisi ya makazi katika komini (manispaa), na baada ya hapo mahakama ya amani. Lakini anayeshitaki anahitaji kuthibitisha alichotoa. Makubaliano mengi ni ya mdomo, au ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto yenye jina, tarehe na saini isiyosomeka. Siku za kufuatilia kesi nazo ni siku bila kipato. Kwa garanti ya dola 90 wengi huamua kumwachia Mungu.

Juu ya hayo kuna suala la dola. Kodi hutajwa kwa dola, hata pale mpangaji anapoilipa kwa faranga. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa faranga 930 hivi. Chumba cha dola 30 kiligharimu basi kama faranga 28,000. Mwishoni mwa 2024 chumba hichohicho, bila mwenye nyumba kuongeza hata senti, kilikuwa kimefika faranga 84,000. Anayeuza ndizi, sambaza (dagaa wa ziwani) au fungu la sombe (kisamvu) hupokea faranga, na bei ya fungu la sombe haipandi kila dola inapopanda, kwa sababu mnunuzi wake naye ni maskini. Kiwango kinapobadilika, kwa hiyo, kodi huongezeka bila mtu yeyote kutangaza nyongeza. Mwenye nyumba atajibu kwamba saruji na mabati ananunua kwa dola, na hasemi uongo.

Komisioneri sitamzungumzia sana. Anafanya kazi inayohitajika, kwa kuwa hakuna orodha ya nyumba zilizo wazi inayomfikia kila mtu, na anayejua ni nani anahama wiki ijayo ana kitu cha kuuza. Tatizo ni kwamba faida yake inapatikana kila nyumba inapobadilisha mpangaji, na wengine hudai ada kwa kuonyesha tu, hata kama nyumba imekwisha kuchukuliwa.

Kwa nini basi familia hizi zisinunue kiwanja na kujenga taratibu? Nyingi hufanya hivyo, na ndipo ardhi yenyewe ya Goma inapoingia katika hesabu. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno, kati ya mlima wa volkeno Nyiragongo na ziwa Kivu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Walirudi na kujenga juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto kwa ndani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na safari hiyo lava ilisimama upande wa Buhene, kwenye ukingo wa mji, baada ya kumeza maelfu ya nyumba. Kila mlipuko hupunguza ardhi inayokalika, huzika alama za mipaka, na huwasukuma waliopoteza kila kitu kwenye soko lilelile la vyumba vya bei ndogo ambalo tayari lilikuwa limejaa.

Kiwanja cha mawe kina gharama ambazo anayenunua hatajiwi. Ni lazima kisawazishwe kwa nyundo na mtaimbo kabla ya ukuta kusimama. Kuchimba choo ni kazi ya wiki nyingi na ya mafundi wenye nguvu, na mara nyingi shimo huishia kina kifupi. Ndiyo maana kaya nyingi hutumia choo kimoja, na vyoo vingine vimeinuliwa juu ya ardhi kama vibanda vyenye ngazi. Maji ya bomba hayafiki kila mahali, na anayekaa mbali na kioski hununua bidoni ya lita 20 kwa bei ambayo mkazi wa Himbi mwenye tangi uani haijui. Kiwanja cha Mugunga, kiasi cha kilomita kumi kutoka katikati ya mji, ni nafuu kuliko cha Majengo, lakini nauli ya pikipiki ya kila asubuhi na bidoni za kila jioni hurudisha sehemu ya unafuu huo. Bei ya nyumba ya maskini inabidi ihesabiwe pamoja na maji, choo na nauli, la sivyo tunahesabu kuta tu.

Kuhusu mbao, watu wa nje huzisikitikia nyumba za mbao za Goma kana kwamba ni dalili tupu ya umaskini, na wapangaji miji huzitazama kama kitu cha kupita. Mimi naziona kwa namna nyingine. Nyumba ya mbao ndiyo nyumba pekee mjini inayouzwa kwa ukubwa wa fedha za maskini. Mbao hununuliwa moja moja, manjanja (mabati) ya paa moja moja, misumari kwa kilo. Anayepata dola tano leo anaweza kuzigeuza kipande cha nyumba leo, akakiweka kwa jirani, akaendelea mwezi ujao. Mafundi wake wapo kila mtaa. Ni nyepesi, na katika siku zilizofuata mlipuko wa 2021, wakati matetemeko yalipokuwa yakipasua kuta za matofali na mawe, wepesi huo haukuwa jambo dogo. Zaidi ya yote, inahamishika: familia ikilazimika kuondoka kwenye kiwanja, hubomoa ubao kwa ubao, hupakia kwenye chukudu na kusimamisha tena mahali pengine, ikiwa imepoteza sehemu tu ya ilichowekeza. Ukuta wa mawe hauna huruma hiyo. Baada ya 2002 mashirika yaliyogawa mbao na mabati kwa waathirika yalikuwa, kwa kiasi fulani, yakifuata kile ambacho watu wenyewe walikuwa wakikijua.

Gharama zake zipo, nazo hulipwa polepole. Ubao huoza kwa mvua na huliwa na wadudu. Baada ya miaka kadhaa nyumba inakuwa imenunuliwa upya kipande kwa kipande. Wezi hawahitaji ufunguo. Moto ukianza katika nyumba moja, nyumba zilizobanana huungua kwa mstari, na gari la zimamoto, hata likiwepo, halina njia ya kupita. Bei ya mbao pia inafuata barabara: mikaratusi inatoka Masisi, na barabara ya Sake inapofungwa kwa vita, kama ilivyotokea mwaka 2024, ubao unapanda bei kabla ya mtu yeyote mjini kusikia mlio wa risasi. Wengi hutafuta njia ya kati, mawe chini na mbao juu, wakiongeza mstari mmoja wa mawe kila wanapopata saruji. Mawe yapo bure au karibu na bure, kwa kuwa volkeno imeyamwaga kila mahali. Kinachokosekana ni saruji ya kuyashikanisha, na mfuko wa saruji hauuzwi nusu nusu bila kupandishwa bei.

Hata hivyo nyumba ya mbao ina udhaifu ambao hauonekani kwa macho: haimsaidii sana mwenyewe kuwa mwenye ardhi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Raia hanunui udongo. Anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa kisheria na cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi na mkubwa wa mtaa, ambayo kwa familia nyingi ndiyo hati yenyewe, ni ushahidi kwamba fedha zilitolewa, na si zaidi ya hapo. Ili kufika kwenye cheti, mwombaji hupita kwa wapimaji wa ardhi, hupewa kwanza mkataba wa muda usiopita miaka mitatu, na hutakiwa kuonyesha kwamba amekiendeleza kiwanja kabla ya kupewa haki ya kudumu. Ofisa anapouliza ni jengo gani limesimama hapo, vibao vinavyoweza kubebwa kwa chukudu si jibu lenye nguvu. Uhamishikaji unaomwokoa maskini siku ya kufukuzwa ndio unaomdhoofisha siku ya kuomba hati.

Hatua hizo nazo zina bei, na bei hiyo tena ni ya mkupuo: ada rasmi, gharama za wapimaji, safari za kwenda na kurudi, na zile fedha nyingine ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezitolea risiti. Matokeo yake ni kwamba mwenye uwezo huweza kupata cheti juu ya kiwanja ambacho maskini amekikalia kwa miaka mingi na karatasi yake ya mauzo, na sheria inasema cheti kikipita miaka miwili bila kupingwa hakiwezi tena kupingwa kirahisi. Anayedhulumiwa baada ya hapo hubaki kudai fidia. Nje kidogo ya mji, upande wa eneo la Nyiragongo, ardhi hupatikana pia kupitia mamlaka ya kimila ya utawala wa Bukumu, na mnunuzi asiye na uzoefu hajui kama amlipe mzee wa ukoo, ofisi ya serikali, au wote wawili. Wenye busara hulipa wote wawili, jambo linaloongeza fungu jingine juu ya mafungu yaliyotangulia.

Vita vimeongeza uzito kwa namna mbili zinazopingana. Tangu wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu Julai 1994, Goma umekuwa mji ambao kila msukosuko wa vijijini huishia kwenye viwanja vyake: Masisi, Rutshuru, Nyiragongo, watu wanakuja na wengi hawarudi. Wakati huohuo mashirika ya misaada yaliyowafuata yalikodi nyumba kubwa za Himbi, Katindo na Keshero kwa dola nyingi. Wapo wanaosema kwamba mashirika ndiyo yaliyopandisha kodi ya maskini. Nadhani kauli hiyo inahitaji kupimwa. Nyumba ya ghorofa yenye jenereta na chumba cha ndani cha kukodiwa Katoyi haviko katika soko moja. Hakuna anayepanga kimoja akikosa kingine. Vinapokutana ni kwenye ardhi. Mwenye fedha akijua kwamba kiwanja cha mjini kitalipa mamia ya dola kwa mwezi, anakinunua, na waliokuwa na vijumba vya mbao hapo wanasogea kuelekea Lac Vert na Mugunga. Athari inafika kwa njia ya kuhamishwa, polepole, wala haipandishi bei ya chumba papo hapo.

Kwa sababu hiyohiyo, wateja wa nyumba kubwa walipopungua, chumba cha Ndosho hakikushuka bei kwa kiwango hichohicho. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 mji uko chini ya kundi la waasi la M23. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mishahara mingi ikakosa mlango wa kuingilia. Mwezi wa Februari wakimbizi wa ndani waliokuwa katika kambi za pembezoni mwa mji waliamriwa kuondoka. Wengine walirudi makwao, wengine hawakuwa na makwao. Katika mji ambao benki zake zilifungwa, garanti imekuwa ngumu zaidi pande zote mbili: mpangaji hana pa kutoa fedha, mwenye nyumba hana pa kuziweka hata akitaka kuziweka. Kuhusu hati za ardhi, wanunuzi wengi wanajiuliza kama karatasi itakayotolewa chini ya utawala mmoja itatambuliwa na mwingine, na anayeweza kusubiri anasubiri.

Kuna mahali katika nchi hii ambapo nyumba ya mfanyakazi iliwahi kugawanywa katika vipande vidogo. Katika miaka ya 1950, chini ya ukoloni wa Ubelgiji, Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojulikana kwa kifupi kama OCA, ilijenga maelfu ya nyumba Léopoldville (Kinshasa ya leo), Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na kwingineko. Jirani zetu wa Bukavu wanaijua kazi hiyo kwa jina la Bagira. Familia iliingia na kulipa kwa miaka mingi hadi nyumba ikawa yake. Sitaki kuutamani mfumo uliowatenga watu kwa rangi na kuwachagulia mahali pa kukaa, na tena mfumo ule ulisimama juu ya mshahara wa kila mwezi wa mwajiri anayejulikana. Goma ya leo haina mshahara huo. Lakini kiini chake kinafaa kufikiriwa: gharama iligawanywa kulingana na namna mlipaji anavyopata, na kazi ya kubeba fungu kubwa mwanzoni ilikuwa ya taasisi.

Leo taasisi iliyo karibu zaidi na kazi hiyo ni likelemba ya akina mama sokoni, ambako kila mmoja huchangia na zamu ikimfikia hupokea fungu lote, pamoja na vikundi vya akiba na mikopo vinavyogawana mwishoni mwa mzunguko. Garanti nyingi za mji huu zimelipwa kwa zamu ya likelemba. Upungufu wake ni wa kalenda: zamu huja tarehe iliyopangwa, ilhali amri ya kuhama huja siku yoyote. Kikundi kinachotenga mfuko mdogo wa dharura kwa ajili ya nyumba, mbali na zamu za kawaida, hutatua sehemu ya upungufu huo bila kumsubiri mtu yeyote kutoka nje. Mashirika yanayotaka kusaidia makazi yangepata matokeo zaidi, naamini, kwa kuukuza mfuko wa namna hiyo na kwa kumkopesha mwenye nyumba mdogo fedha za paa na choo, kwa sharti la kukubali garanti ya miezi mitatu, kuliko kwa kujenga nyumba mia moja za mfano mahali ambapo hakuna maji. Serikali ya mtaa nayo, yoyote itakayokuwa, ingeanza na viwanja vilivyosawazishwa, vyenye njia ya gari la zimamoto, choo na bomba la jirani, na kuwaachia watu kazi ya kuta, ambayo wanaiweza.

Anayepanga sasa hivi hawezi kungoja hayo. Anachoweza kudai ni maandishi katika nakala mbili, mbele ya kiongozi wa nyumba kumi au mkubwa wa avenyu (barabara ya mtaa), yenye kodi, kiasi cha garanti kilichopokelewa, na kiwango cha kubadilishia dola kitakachotumika hadi mwisho wa mwaka. Na ikiwa mwenye nyumba anakiri kwamba garanti ataitumia kujengea, kama afanyavyo karibu kila mtu, ni afadhali jambo hilo liandikwe lilivyo: kwamba mpangaji akitoa taarifa ya kuhama, miezi yake ya mwisho itakatwa humo badala ya yeye kungoja arudishiwe fedha ambazo zimekwisha kuwa ukuta. Mwenye nyumba hapotezi kitu, kwa kuwa hatalazimika kutafuta fedha taslimu, na mpangaji anapata miezi hiyo bila kodi, ambamo anaweza kukusanya garanti ya nyumba inayofuata.